Habari za dawa mpya ya ini ziulizwe: asilimia hiyo ni ya nini?

Ndugu Mhariri,

Kila dawa mpya ya ugonjwa adimu wa ini inapopata kibali Marekani au Ulaya, kurasa za afya za magazeti yetu, na zaidi makundi ya WhatsApp, hubeba habari za namna moja: dawa imepatikana, imefanya kazi kwa asilimia 60 ya wagonjwa, tiba imefika. Tunaomba nafasi katika safu yako tueleze asilimia ya namna hiyo hupatikanaje. Kuna watu wanaouza mashamba kwa ajili ya namba hizo, na mara nyingi hakuna aliyewaambia namba hizo zilipima nini.

Tutashika ugonjwa mmoja tu, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi PBC (kwa Kiingereza primary biliary cholangitis). Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huishambulia mirija midogo ya nyongo iliyo ndani ya ini. Nyongo ikikosa njia ya kutokea hutuama, huunguza seli za ini, na miaka ikipita ini hujaa makovu. Hauambukizwi wala hauletwi na pombe, jambo linalofaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu mgonjwa wa ini kwetu hutazamwa kwanza kama mlevi. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 40. Dalili za mwanzo ni uchovu usioondoka kwa kulala, macho na kinywa kukauka, na mwasho usio na upele, mara nyingi kwenye viganja na nyayo, unaozidi usiku. Mwasho wa aina hiyo hupewa vidonge vya mzio. Vidonge hivyo humpa mgonjwa usingizi lakini mwasho hubaki, kwa kuwa chanzo chake si mzio bali vitu vinavyorudi kwenye damu pale nyongo inapokwama.

Ugonjwa huthibitishwa kwa mambo mawili kati ya matatu: kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali kilichopanda kwa muda mrefu, ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa ALP; kingamwili dhidi ya mitokondria, AMA, ambazo huonekana kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10; na kipande cha ini kilichotazamwa kwa hadubini. Wengi hawahitaji kuchomwa sindano ya ini, kwani viwili vya kwanza vinatosha.

Dawa ya msingi ni asidi ya ursodeoksikoli, ambayo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1997. Kipimo chake ni miligramu 13 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 anahitaji kati ya 910 na 1,050, yaani vidonge vinne vya miligramu 250. Akipewa viwili kwa siku amepata miligramu 7 kwa kilo, karibu nusu ya inayotakiwa, na ALP isiposhuka ataandikiwa kwamba dawa imemshinda. Jambo hili si dogo. Kabla mtu hajaingizwa kwenye jaribio la dawa mpya, hutakiwa awe ametumia ursodeoksikoli kwa kipimo kamili kwa miezi 12 au zaidi, na kwa muda wa miezi ya karibuni kipimo hicho kiwe hakijabadilishwa, au iwe imethibitika kwamba mwili wake haukuivumilia. Anayetumia pia unga wa kolestiramini kwa ajili ya mwasho lazima atenganishe: ursodeoksikoli inywewe angalau saa moja kabla ya unga huo au saa nne baada yake, la sivyo unga unaikamata dawa utumboni na kutoka nayo.

Hata kwa kipimo kamili, hadi wagonjwa 4 kati ya 10 hawapati nafuu ya kutosha kwenye vipimo vyao. Hao ndio wanaotafutiwa dawa mpya, na hapo ndipo swali la asilimia linapoanza.

Ugonjwa huu huenda polepole. Mtu anaweza kuishi nao miaka 15 au 20 kabla ini halijashindwa. Jaribio linalotaka kuona nani amekufa, nani amepandikizwa ini na nani amejaa maji tumboni lingehitaji watu wengi na miaka mingi, na ugonjwa wenyewe ni adimu. Kwa hiyo watafiti hupima kitu kingine kinachotangulia matokeo hayo. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa kimataifa lilikusanya taarifa za wagonjwa 4,845 na kuonyesha kwamba waliokuwa na ALP isiyozidi mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida baada ya mwaka mmoja wa kufuatiliwa, asilimia 84 walikuwa hai bila kupandikizwa baada ya miaka 10. Waliokuwa juu ya hapo ni asilimia 62. Tangu hapo ALP na bilirubini, rangi ya njano itokanayo na chembe nyekundu za damu zinazovunjika na ambayo ini huiondoa, zikawa kipimo kikuu cha majaribio.

Kipimo chenyewe kina masharti matatu kwa pamoja, na anayesoma habari za dawa hizi anafaa kuyajua. Mgonjwa huhesabiwa amefaulu ikiwa, baada ya miezi 12, ALP yake iko chini ya mara 1.67 ya kiwango cha juu cha kawaida, imeshuka kwa asilimia 15 au zaidi kutoka ilipoanzia, na bilirubini yote haizidi kiwango cha kawaida. Chukua maabara ambayo kiwango chake cha juu cha ALP ni yuniti 120 kwa lita. Mstari unakuwa 200. Mama wa kwanza alianza na 310, akafika 195: ameshuka kwa asilimia 37, yuko chini ya mstari, amefaulu. Mama wa pili alianza na 620, akafika 290. Ameshuka kwa zaidi ya nusu, pengine ndiye aliyenufaika zaidi, lakini yuko juu ya mstari, kwa hiyo ameandikwa hakufaulu. Wa tatu alianza na 205, akafika 190. Yuko chini ya mstari lakini ameshuka kwa asilimia 7 tu, naye hakufaulu. Na yule aliyefaulu, mwenye 195, bado ALP yake haijawa ya kawaida. Kwa hiyo gazeti likiandika kwamba asilimia fulani "wamepona" limesema jambo ambalo jaribio halikulipima. Walichofanya ni kuvuka mstari.

Namba hiyo moja ya ALP inaweza kuharibika kwa njia nyingi kabla haijafika kwenye karatasi. ALP haitoki kwenye ini peke yake. Mifupa inayokua huitoa, kondo la nyuma la mjamzito huitoa, utumbo huitoa baada ya mlo wenye mafuta, hasa kwa watu wa kundi la damu O na B. Ndiyo maana damu huchukuliwa mgonjwa akiwa hajala, na kimeng'enya cha GGT hupimwa pamoja nayo kuhakikisha kwamba ongezeko linatoka kwenye ini. Kosa la kawaida zaidi kwenye chumba cha kutolea damu ni tyubu. Tyubu ya kifuniko cha zambarau, ile ya picha kamili ya damu, ina kemikali iitwayo EDTA inayonyakua madini ya zinki na magnesi ambayo ALP haiwezi kufanya kazi bila hayo. Damu ikichukuliwa humo kwa makosa, au muuguzi akijaza tyubu ya zambarau kwanza kisha akamiminia kidogo kwenye ile ya vipimo vya ini ili zitoshe, ALP inasomeka chini kupita kiasi. Fundi mwenye macho hulitambua kosa hilo kwa kuwa kalisi nayo huwa imeanguka na potasiamu imepaa, namba tatu zisizoelezeka kwa mgonjwa aliyekuja kwa miguu yake. Bilirubini nayo huvunjwa na mwanga. Tyubu iliyosahauliwa dirishani kwenye jua la saa sita haitatoa jibu la kweli.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada kuhusu bilirubini. Mwenye selimundu huvunja chembe nyekundu kila siku, na bilirubini yake ya jumla hupanda hata kama ini lake ni zima. Sharti la tatu la ufaulu litamwangusha bila kosa la dawa wala la ini. Jaribio likiletwa kwetu lazima lipime mbalimbali bilirubini iliyounganishwa, yaani iliyokwisha kushughulikiwa na ini, na isiyounganishwa, na hilo liandikwe kwenye mpango wa jaribio tangu mwanzo, si baada ya majibu kuonekana ya ajabu.

Maabara tofauti zina viwango tofauti vya juu. Kwa sababu hiyo majaribio makubwa hupeleka damu zote kwenye maabara kuu moja, na mgonjwa hapokelewi kwa kipimo kimoja tu cha ALP, bali angalau viwili vilivyopishana kwa majuma kadhaa. Ukimpokea mtu kwa kipimo kimoja, utawakusanya wale ambao siku hiyo namba yao ilikuwa imepanda kwa bahati tu, na mwezi unaofuata itashuka yenyewe hata wakipewa vidonge vya unga mtupu.

Hapo tunafika kwenye plasibo, kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi, umbo na kopo, lakini kisicho na dawa ndani. Wengi hukiona kama dhuluma: mgonjwa amekuja kutafuta tiba, unampa unga. Tuweke wazi kwamba katika majaribio ya PBC tunayoyazungumzia, karibu kila aliyepewa plasibo aliendelea na ursodeoksikoli yake. Kilichoongezwa juu ndicho kilichokuwa dawa mpya au unga. Mgonjwa hupangwa kwa bahati nasibu na kompyuta, naye daktari hajui, wala mgonjwa hajui. Bila kundi hilo huwezi kujua namba iliyoshuka imeshushwa na nini, kwa sababu watu wakianza kupigiwa simu, kuhesabiwa vidonge na kupimwa kila baada ya majuma machache, huanza hata ursodeoksikoli waliyokuwa wakiiruka kuinywa ipasavyo.

Tazama jaribio la seladelpari, liitwalo RESPONSE, lililochapishwa mwanzoni mwa 2024. Wagonjwa 193 waligawanywa wawili kwa mmoja: 128 walipewa miligramu 10 kwa siku na 65 plasibo. Baada ya miezi 12 waliofaulu walikuwa asilimia 61.7 upande wa dawa na asilimia 20 upande wa plasibo. Mmoja kati ya watano alivuka mstari bila dawa mpya. Jaribio la elafibranori, ELATIVE, lilikuwa na wagonjwa 161. 108 walipewa miligramu 80 kwa siku na 53 plasibo. Waliofaulu ni asilimia 51 dhidi ya 4. Msomaji wa haraka atasema 62 ni kubwa kuliko 51, kwa hiyo seladelpari ndiyo bora. Lakini tofauti kati ya dawa na plasibo ni karibu 42 kwa seladelpari na 47 kwa elafibranori. Wala hiyo nayo haitoshi kusema elafibranori ndiyo bora, kwa sababu wagonjwa hawakuwa walewale na dawa hizi mbili hazikupambanishwa uso kwa uso. Na ukiuliza ni wangapi ALP yao ilirudi kuwa ya kawaida kabisa, jibu ni asilimia 25 kwa seladelpari na 15 kwa elafibranori, na sifuri kwa plasibo za majaribio yote mawili. Hizo ni namba nzuri. Sisi tunazifurahia. Lakini hazisemi kwamba tiba imepatikana.

Mwasho hauna tyubu, kwa hiyo hupimwa kwa daftari. Kila siku mgonjwa huandika namba kutoka 0 hadi 10 kwa mwasho mkali zaidi alioupata katika saa 24 zilizopita. Katika RESPONSE walioanza na 4 au zaidi ndio waliohesabiwa. Baada ya miezi sita mwasho ulishuka kwa pointi 3.2 kwa waliopewa dawa na 1.7 kwa waliopewa plasibo. Daftari hili linafaa tu likijazwa siku hiyohiyo. Mtu anayejaza siku saba kwa mkupuo usiku wa kuamkia kliniki anaandika anachodhani daktari anataka kusikia, na ndiyo maana siku hizi hupewa kifaa kinachofunga ukurasa wa jana. Na fomu ya Kiswahili isiulize tu kama mgonjwa "anawashwa". Iulize pia kama aliamka usiku kwa kujikuna na kama amejichubua ngozi, maana wanawake wengi wa umri huo watajibu kwamba wanavumilia, na kuvumilia hakuna namba.

Sasa tuje kwenye dawa iliyotufundisha kuwa waangalifu. Asidi ya obetikoli ilijaribiwa kwenye jaribio liitwalo POISE, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 216 walifuatwa kwa miezi 12, na waliofaulu kwa masharti yaleyale matatu walikuwa asilimia 46 na 47 kwa vipimo viwili vya dawa, dhidi ya asilimia 10 kwa plasibo. FDA iliipa kibali cha haraka Mei 2016, kibali cha kuaminia ALP huku kampuni ikitakiwa kuleta baadaye uthibitisho kwamba watu wanaishi muda mrefu zaidi au ini linachelewa kushindwa. Hata wakati huo daftari la mwasho lilikuwa na onyo: waliowashwa walikuwa asilimia 56 kwa walioanza na kipimo kidogo, asilimia 68 kwa walioanza na miligramu 10, na asilimia 38 kwa plasibo. Dawa ya ugonjwa unaowasha ilikuwa inaongeza mwasho.

Septemba 2017 FDA ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za vifo 19. Katika baadhi ya taarifa hizo kosa lilikuwa la kipimo. Mwenye ini lililoharibika kwa kiasi cha kati au zaidi alitakiwa kuanza na miligramu 5 mara moja kwa juma, wao wakapewa kila siku. Ini likishachoka haliwezi kuisafisha dawa hiyo haraka. Hurundikana na kuliunguza ini lenyewe lililokusudiwa kutibiwa. Februari 2018 onyo zito liliwekwa juu ya karatasi ya dawa, na Mei 2021 ikakatazwa kwa wenye makovu ya ini yaliyokwisha kuleta maji tumboni au presha kwenye mshipa mkuu wa ini.

Jaribio la uthibitisho, COBALT, lilikuwa na wagonjwa 334. Safari hii halikuhesabu ALP. Lilihesabu vifo, kupandikizwa ini, kutapika damu, maji tumboni yasiyodhibitika, kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya ini. Lilisimamishwa kabla ya muda wake. Waliopatwa na mojawapo ya mambo hayo walikuwa asilimia 28.6 upande wa dawa na asilimia 28.9 upande wa plasibo. Hakuna tofauti. Moshi, yaani ALP, ulikuwa umepungua, moto ukaendelea vilevile.

Kampuni yenye dawa ilijitetea kwamba jaribio liliharibiwa: dawa ilikuwa tayari iko madukani, kwa hiyo waliopewa plasibo, wakiona ALP yao haishuki na hawawashwi zaidi, walijua wamepewa unga, wakaondoka na kwenda kuandikiwa dawa yenyewe au fibrati, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, nje ya jaribio. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na hatuidharau. Lakini inathibitisha jambo tunalolisimamia: jaribio la uthibitisho lianze na kujaza wagonjwa wake kabla kibali cha haraka hakijatoka, kwa sababu kikishatoka ni vigumu mno kumwomba mgonjwa akubali uwezekano wa kunywa unga kwa miaka mitano huku dawa iko duka la jirani. Mwaka 2024 Ulaya ilifuta kibali chake cha masharti. Novemba mwaka huohuo FDA ilikataa kutoa kibali kamili, na Desemba ikatangaza kwamba katika COBALT, kwa wale ambao hawakuwa na sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na ndio waliodhaniwa kuwa salama, 7 kati ya 81 waliotumia dawa walihitaji kupandikizwa ini, dhidi ya mmoja kati ya 68 wa plasibo. Waliokufa ni 4 dhidi ya 1. Septemba 2025 dawa hiyo iliondolewa kwenye soko la Marekani. Kutoka kushangiliwa hadi kuondolewa ilipita miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ALP za wagonjwa zilikuwa zinapendeza.

Hatusemi seladelpari na elafibranori zitafuata njia hiyo. Hufanya kazi kwa mlango mwingine ndani ya seli, zinapunguza mwasho au angalau haziuongezi, na dada yao mkubwa bezafibrati ilionyesha mwaka 2018, katika jaribio la wagonjwa 100 nchini Ufaransa lililochukua miezi 24, kwamba miligramu 400 kwa siku zilirudisha ALP kuwa ya kawaida kwa asilimia 67 ya wagonjwa dhidi ya 2 kwa plasibo. Tunachosema ni kwamba vibali vya dawa hizi mbili, vyote vya mwaka 2024 huko Marekani, ni vya haraka kama kile cha 2016. Majaribio ya uthibitisho bado yanadaiwa, na majina yake ni AFFIRM kwa seladelpari, kwa wenye sirosisi ambayo bado haijaleta matatizo, na ELFIDENCE kwa elafibranori. Hayo ndiyo ya kusubiri na kuandikwa.

Seladelpari yenyewe iliwahi kusimamishwa. Novemba 2019, katika jaribio tofauti la ini lenye mafuta, vipande vya ini vilionekana kuwa na uvimbe usiotarajiwa, na majaribio yote ya dawa hiyo yakafungwa siku hizo, likiwamo la PBC lililokuwa na wagonjwa 265 na lililopangwa kudumu mwaka mzima. Wataalamu wasiohusika na kampuni walivitazama upya vipande vyote wakakuta hakuna ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na Julai 2020 FDA ikaruhusu kazi iendelee. Kusimamisha kulikuwa sawa, kuanza tena kulikuwa sawa. Tunalitaja kwa sababu habari ya "jaribio lasimamishwa" huandikwa kama kashfa, wakati mara nyingi ndiyo dalili kwamba ulinzi wa wagonjwa unafanya kazi.

Yapo pia ya mifupa. PBC yenyewe hudhoofisha mifupa, na kwenye majaribio hayo kuvunjika mifupa kulionekana kwa asilimia 6 ya waliotumia elafibranori na asilimia 4 ya seladelpari, bila hata mmoja upande wa plasibo. Elafibranori inaweza pia kupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango vyenye homoni, kwa hiyo mwanamke ambaye bado anashika mimba lazima aongeze kondomu au abadilishe njia. Maumivu ya misuli yakianza, hasa kwa anayetumia pia dawa za kushusha mafuta kwenye damu, kimeng'enya cha misuli, CK, kipimwe mapema.

Kama jaribio la namna hii litaletwa Tanzania, halianzi bila idhini ya maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba; Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na kamati za maadili. Mgonjwa hapaswi kulipia dawa ya jaribio wala vipimo vyake. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili anachokisema, aachiwe nakala ya kwenda nayo nyumbani, na imwambie mambo manne ambayo fomu nyingi huyafunika kwa maneno mengi: uwezekano wake wa kupata plasibo ni upi, nani atagharamia matibabu akidhurika, ataendelea kupata dawa jaribio likiisha au la, na kwamba akijitoa hatanyimwa matibabu yake ya kawaida. Homa ya ini aina ya B ipimwe kwa kila anayeomba kuingia, kwa kuwa kwetu ni ya kawaida na ALT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia, ikipanda katikati ya jaribio hutajua ni virusi au ni dawa. Vivyo hivyo mitishamba. Mgonjwa asiulizwe kwa sauti ya kukaripia kama anakunywa dawa za kienyeji, maana atakataa. Aombwe alete kila anachotumia, vidonge, unga na chupa, kwenye mfuko mmoja kila kliniki. ALT ikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida huku bilirubini ikivuka mara mbili, dawa ya jaribio husimamishwa siku hiyohiyo na mfuko huo ndio wa kwanza kufunguliwa.

Kwa waandishi wa afya tunaomba sentensi tatu ziongezwe kwenye kila habari ya aina hii: kilichopimwa ni nini hasa, kundi la plasibo lilipata ngapi, na kibali ni kamili au cha haraka. Taja pia walioshiriki ni akina nani, maana katika majaribio haya wengi mno walikuwa wanawake weupe wa Ulaya na Amerika, na selimundu, homa ya ini B na kichocho vilikuwa mbali nao.

Na kwa mgonjwa ambaye tayari anatumia ursodeoksikoli na amesikia habari ya dawa hizi: usiiache. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 kwenye RESPONSE na ELATIVE waliendelea kuinywa muda wote, na dawa mpya iliwekwa juu yake. Muulize daktari wako uzito wako wa sasa, zidisha mara 13 na mara 15, kisha hesabu vidonge unavyomeza kwa siku ni miligramu ngapi. Kama haviingii kati ya namba hizo mbili, rudi kliniki na karatasi hiyo mkononi kabla hujatafuta dawa ya ng'ambo.

Wafamasia na watabibu wa magonjwa ya ini,
Dar es Salaam